Kuondoa LUN na diski za zamani kwenye seva inayofanya kazi: nianze wapi, nifute vipi?

fundi_pembeni aliuliza:

Wakuu, naomba mwongozo wa mpangilio wa kazi. Kuna seva ya Linux ya kizazi cha RHEL 6 ambayo kwa sasa haihamishiki kwa sababu ya programu inayoendeshwa humo. Data zake ziko kwenye mtambo wa hifadhi wa zamani kupitia Fibre Channel, na mtambo huo unatakiwa kuzimwa. Mtambo mpya umeshaunganishwa kwenye swichi zilezile na LUN zake (diski pepe ambazo mtambo unaipa seva) zinaonekana. Hali ilivyo:

- LUN 6 za zamani, kila moja ina njia 4 chini ya multipath (programu inayounganisha njia kadhaa za kufikia LUN moja)
- LUN 4 za GB 500 ziko kwenye VG (kundi la diski) moja ya LVM, `vgdata`, yenye ext4 mbili, XFS moja na swap moja
- LUN 2 ni za Oracle ASM (meneja wa hifadhi wa hifadhidata ya Oracle), kundi la diski DATA, redundancy ya nje (kinga ya nakala inategemea mtambo, si ASM)
- mfumo endeshi uko kwenye diski mbili za ndani

Kando yake ipo mashine ya Solaris yenye diski za SCSI za kebo ya pini 68. Diski mbili kati ya hizo nazo zinaondoka.

Ninachotaka kujua: nani anaachia kwanza, seva au mtambo? Je, kazi hii inafanyika huduma ikiwa hewani? Na data zifutwe kwa njia gani ili diski zikitoka zisiwe na kitu?

---

njia_nne alijibu:

Mkuu, seva ndiyo inaachia kwanza. Kazi inashuka kutoka juu kwenda chini: programu, mfumo wa faili, LVM, multipath, njia za SCSI, kisha ndipo mtambo uondoe LUN. Ukianza chini, yaani ukiondoa LUN kwenye mtambo kabla seva haijaiachia, yatakupata mawili. La kwanza, kama multipath imewekewa `queue_if_no_path`, kila kinachogusa LUN hiyo kinaganda katika hali ya D (kusubiri diski bila kukatizika). Hakiuliki hata kwa `kill -9`, na amri za kawaida kama `df` au `pvs` nazo zinanasa. La pili ni baya zaidi: mtu akitoa LUN nyingine kwa namba ileile, kifaa cha zamani `sdX` kilichobaki kwenye kerneli kinaelekea kwenye data za mwingine. Kerneli huandika onyo kwenye `dmesg` kwamba LUN kwenye mtambo huo zimebadilishwa na haitazipanga upya yenyewe. Onyo hilo likionekana, simamisha kila kitu mpaka ujue kila `sdX` ni WWID (kitambulisho cha kipekee cha LUN) gani.

Kabla ya kuhamisha chochote, linganisha ukubwa wa sekta pande zote mbili:

```
blockdev --getss /dev/mapper/LUN_ya_zamani
blockdev --getss /dev/mapper/LUN_mpya
```

Zote ziseme 512. Mtambo mpya ukisema 4096, usitumie `pvmove` kwa ile XFS. LVM ya zamani itakuruhusu kuchanganya bila kulalamika, na XFS itaendelea kufanya kazi kwa kuwa imeshapachikwa. Siku ukii-umount ndipo itakataa kupanda tena, kwa sababu iliumbwa kwa sekta za 512 na kifaa hakikubali tena maandishi madogo hivyo. Hapo njia ni kuomba LUN ya sekta 512 kwenye mtambo, au kuunda XFS mpya na kunakili faili kwa `xfsdump` na `xfsrestore`.

Ukiridhika, tazama nani anakalia nini, na uhifadhi matokeo nje ya seva:

```
pvs -o+pv_used
lvs -a -o +devices vgdata
multipath -ll
swapon -s
```

Kisha:

```
pvcreate /dev/mapper/mpya1
vgextend vgdata /dev/mapper/mpya1
pvmove -i 30 -n lvdata1 /dev/mapper/zamani1 /dev/mapper/mpya1
```

Hamisha LV (kipande cha VG, mfano chenye mfumo mmoja wa faili) moja moja kwa `-n`, usimwage PV (LUN iliyoingizwa LVM) nzima kwa mkupuo. `pvmove` hujenga kioo cha muda, inanakili, kisha inabadilisha ramani. Huduma inaendelea wakati wote, ila diski zinabanwa kweli. Kwa MB 100 kwa sekunde, GB 500 ni karibu saa moja na nusu, kwa hiyo chagua muda ambao watumiaji ni wachache. Ukibanwa katikati, `pvmove --abort` inasimamisha. Vipande vilivyokwisha kuhama vinabaki kwenye diski mpya na data zinabaki salama. Seva ikizimika ghafla, washa VG kisha andika `pvmove` bila kitu kingine, itaendelea ilipoachia.

Mambo mawili yanayokwamisha: LV yenye snapshoti hurukwa na LVM ya zamani, kwa hiyo ondoa snapshoti kwanza, la sivyo `vgreduce` itakwambia PV bado inatumika. Na swap usiihamishe. Tengeneza swap mpya, `swapon` hiyo mpya, `swapoff` ya zamani, badilisha `/etc/fstab`, futa LV ya zamani.

`pvs` ikionyesha PFree (nafasi tupu) sawa na PSize (ukubwa wote) kwenye LUN ya zamani:

```
vgreduce vgdata /dev/mapper/zamani1
pvremove /dev/mapper/zamani1
```

`pvremove` inafuta lebo ya LVM tu. Data zako zote bado ziko pale, neno kwa neno.

---

Bi_Rafu alijibu:

Naongezea pale njia_nne alipoishia, maana wengi wakishafanya `vgreduce` hukimbilia mtambo.

Kabla ya kuvunja multipath, zima njia bila kuzifuta. Hili ni jaribio linalorudishika:

```
echo offline > /sys/block/sdX/device/state
```

Fanya hivyo kwa njia zote 4 za LUN moja. Kama kuna kitu bado kinaitumia, kitalalamika ndani ya dakika chache kwenye `/var/log/messages`, na unairudisha kwa kuandika `running` badala ya `offline`. Kuwa makini na ile `queue_if_no_path` iliyotajwa: izime kwa LUN hiyo kwanza, ili makosa yatoke wazi badala ya kuganda:

```
dmsetup message zamani1 0 fail_if_no_path
```

Kikikaa kimya, rudisha njia `running`, kisha endelea:

```
multipath -f zamani1
blockdev --flushbufs /dev/sdX
echo 1 > /sys/block/sdX/device/delete
```

Mbili za mwisho ni kwa kila njia. Andika majina ya `sdX` kutoka `multipath -ll` kabla ya `-f`, kwa sababu ukishaivunja ramani huna tena mahali pepesi pa kuyaona pamoja. `multipath -f` ikikataa ikisema ramani inatumika, tazama `/sys/block/dm-N/holders` na `dmsetup ls --tree`. Mara nyingi ni patisheni iliyoachwa na `kpartx`, au LV iliyosahauliwa ya VG nyingine.

Ukimaliza, usiombe seva itafute vifaa upya mpaka mtambo uwe umeondoa LUN, vinginevyo zote zinarudi. Baada ya mtambo kuziondoa, futa zoni (ruhusa ya seva kuonana na mtambo) kwenye swichi, halafu `multipath -w` kwa kila WWID ya zamani.

Sasa sehemu ambayo haionekani mpaka seva ianze upya. Pekua marejeo ya zamani:

```
grep -rE 'zamani|WWID_ya_zamani' /etc /usr/local /var/spool/cron
```

Angalia hasa `/etc/fstab`, `/etc/multipath.conf`, `/etc/kdump.conf`, kanuni za udev, na `filter` kwenye `/etc/lvm/lvm.conf`. Filter iliyotaja LUN za zamani kwa jina itazikataa LUN mpya, na nakala yake imo ndani ya initramfs (mfumo mdogo unaotumika seva inapoanza). Ukirekebisha faili bila kuendesha `dracut -f`, nakala iliyomo humo inabaki ya zamani. Tunza initramfs iliyopo kwa jina jingine kabla ya kujenga mpya.

Halafu panga kuiwasha seva upya *wakati mtambo wa zamani bado una umeme*, LUN zikiwa zimeondolewa tu. Ikishindwa kupanda, unazirudisha kwa dakika mbili. Mtambo ukishang'olewa, huna pa kurudi.

---

asm_na_wenzake alijibu:

Kwa zile LUN mbili za ASM, LVM haihusiki. Mpe `oracle` umiliki wa LUN mpya kwa kanuni za udev kwa WWID, si kwa jina la `sdX`. Kisha ongeza na ondoa kwa amri moja:

```
ALTER DISKGROUP DATA
  ADD DISK '/dev/mapper/asmmpya1', '/dev/mapper/asmmpya2'
  DROP DISK DATA_0000, DATA_0001
  REBALANCE POWER 4;
```

Kwa amri moja data zinasawazishwa mara moja tu. Ukitenganisha, unalipia usambazaji mara mbili. Namba ya POWER ipandishe au ishushe kadiri watumiaji wanavyolia.

Kosa kubwa hapa: amri inarudisha mshale mara moja, kana kwamba kazi imeisha. Haijaisha. Tazama `V$ASM_OPERATION` mpaka isiwe na mstari, kisha `V$ASM_DISK` ionyeshe HEADER_STATUS ya `FORMER` kwa diski za zamani. Kabla ya hapo, ukiwa na redundancy ya nje, kuondoa LUN ni kupoteza kundi zima; hakuna nakala ya pili ndani ya ASM. Ukibadili nia wakati bado inasawazisha, ipo `ALTER DISKGROUP DATA UNDROP DISKS`.

Hata baada ya `FORMER`, michakato ya Oracle mara nyingine bado imeshikilia kifaa. `fuser -v` kwenye kifaa itakuonyesha, na ndiyo sababu ya kawaida ya `multipath -f` kukataa kwa LUN za ASM. Kama ni klasta, endesha pia `crsctl query css votedisk`, usije ukakuta diski ya kura ilikuwa hukohuko.

---

pini68 alijibu:

Ile ya Solaris isisahaulike, maana pale hatari ni ya kebo kuliko ya programu.

Kwanza programu. `swap -l` na `dumpadm` zikuonyeshe kama diski hizo zina swap au eneo la dampo, na `eeprom boot-device` kama mashine inaanzia humo. Kama kuna Solaris Volume Manager:

```
metastat -p
metadb -i
metadetach d10 d12
metaclear d12
metadb -d c1t1d0s7
```

Nakala za `metadb` (kumbukumbu ya usanidi wa Volume Manager) ndizo zinazowaumiza watu. Mashine inaendelea kufanya kazi ikiwa na nusu ya nakala, lakini kuanza upya inahitaji zaidi ya nusu. Ukichomoa diski yenye nusu ya nakala bila kuzifuta kwa `metadb -d`, leo hutaona tatizo lolote. Ikizimika, inapanda mpaka hali ya matengenezo na kusimama hapo. Ongeza nakala kwenye diski zinazobaki kwanza, ndipo ufute.

Sasa kebo. Diski za pini 68 zisizokaa kwenye ubao wa kuchomeka hazitolewi umeme ukiwaka. Zima mashine. Diski za pini 80 zilizo kwenye vishikizi zinaweza kutoka mashine ikiwaka, baada ya `cfgadm -c unconfigure`.

Mnyororo wa SCSI lazima uwe na teminata (kifaa cha kufunga mwisho wa kebo) katika kila ncha, na ncha ni mbili tu. Kama diski unayoitoa ndiyo ya mwisho na ndiyo iliyobeba teminata, ukiitoa mnyororo unabaki wazi. Matokeo yake si kifo cha wazi: utaona makosa ya uwiano, njia ya SCSI kujiweka upya kila mara, mwendo kushuka, na lawama zitaangukia diski zilizobaki ambazo hazina kosa. Weka teminata ya kebo kwenye kiunganishi cha mwisho. Hakikisha pia kuna kifaa kinachobaki kinachotoa umeme wa teminata, maana wakati mwingine ilikuwa ni hiyohiyo diski kwa kijumpa. Namba za ID za diski zinazobaki usiziguse. Majina ya `c1tNd0` yanatoka humo.

---

sekta520 alijibu:

Kufuta data. Hapa kuna kosa moja linalorudiwa kila mahali: kuendesha `shred` au `dd` juu ya LUN ukiwa kwenye seva na kuamini diski zimefutwa. LUN si diski. Mtambo unaweza kuwa na snapshoti inayotunza vipande vya zamani kila unapoandika juu, au nakala iliyopelekwa mtambo mwingine. Mingine hutambua sifuri na badala ya kuziandika inaachia nafasi tu. Na diski iliyowahi kufeli ikabadilishwa na ya akiba, ilitoka na data zake. Hiyo `dd` haitaifikia kamwe.

Kwa hiyo ufutaji unafanyika kwenye diski zenyewe, baada ya kuvunja makundi ya RAID. Kama mtambo una kazi yake ya kufuta diski, tumia hiyo na utoe ripoti. Kama hauna, toa diski, zichomeke kwenye seva yenye HBA (kadi ya kuunganishia diski) ya kawaida ya SAS isiyo na RAID. Diski nyingi za mitambo zina sekta za baiti 520, na Linux itakataa kuzisoma ikisema `Unsupported sector size 520`. Usidhani zimeharibika:

```
sg_format --format --size=512 /dev/sgN
```

Hiyo inazirudisha 512, na inaweza kuchukua saa kadhaa kwa diski moja. Zifanye kadhaa sambamba. Umeme ukikatika katikati, diski inabaki ikidai umbizo lake limeharibika; irudie amri ileile mpaka mwisho. Baada ya hapo andika sifuri mara moja juu ya diski nzima kwa `dd` ili uwe na kitu cha kuthibitisha:

```
cmp /dev/zero /dev/sdX
```

Jibu sahihi ni `EOF on /dev/sdX`: maana yake imesoma mpaka mwisho na haikukuta kitu kisicho sifuri. Ikitaja baiti inayotofautiana, diski hiyo haijafutika.

Mara moja inatosha kwa diski ya sumaku. Mwongozo wa NIST (taasisi ya viwango ya Marekani) SP 800-88, marekebisho ya kwanza ya 2014, uligawa kazi katika ngazi tatu: kusafisha, kutakasa na kuangamiza. Kule kuandika mara 35 kulitoka kwenye andiko la Peter Gutmann la 1996 lililohusu aina nyingi za usimbaji wa diski za wakati ule. Kwa diski za leo ni kupoteza umeme.

Za SATA, tumia ufutaji uliomo ndani ya diski. `hdparm -I` ionyeshe `not frozen` na makadirio ya muda, kisha:

```
hdparm --user-master u --security-set-pass p /dev/sdX
hdparm --user-master u --security-erase p /dev/sdX
```

Ikiwa `frozen`, lilaza mashine na kuiamsha, au chomoa na kuchomeka umeme wa diski. Usifanye kupitia adapta ya USB, nyingi haziipitishi amri vizuri. Ikikatikia njiani diski inabaki imefungwa kwa nywila, ndiyo maana nywila iwe nyepesi na iandikwe.

SSD ni habari nyingine: zina nafasi ya akiba ambayo `dd` haiifikii, kwa hiyo ni amri ya ndani tu, `sg_sanitize` kwa SAS au `nvme format --ses=1` kwa NVMe. Mashine ya kuondoa usumaku haifanyi lolote kwa SSD. Kwa diski ya sumaku inaifuta kweli, lakini inaondoa pia alama za kuongozea vichwa, hivyo haitatumika tena.

---

fundi_pembeni aliandika:

Ahsanteni sana. Nimepima, pande zote mbili ni sekta 512. Swali lililobaki: tulifikiri kuzima mtambo wa zamani na kuuweka stoo mwezi mzima kama kinga, ndipo tufute. Ni sawa?

---

Bi_Rafu alijibu:

Hapana ndugu yangu. Subiri hiyo mwezi, ila mtambo ukiwa unawaka na LUN zikiwa zimeondolewa, ili mzunguko mmoja wa kazi za mwisho wa mwezi upite. Diski zilizozunguka miaka mingi bila kusimama, zikipoa stoo baadhi haziamki. Na isiyoamka huwezi kuifuta kwa amri yoyote; itabidi ivunjwe kwa mikono. Zifute zikiwa bado zinazunguka. Kinga yako iwe bekapu uliyojaribu kuirejesha. Nakala iliyobaki kwenye LUN za zamani baada ya `pvmove` inapitwa na wakati tangu dakika ile ile.

---

sekta520 alijibu:

Naunga mkono. Na zitakazogoma, usizitoboe tundu moja ukaridhika. Sahani inayobaki ina data. Zipelekwe kusagwa. Nyingi za inchi 2.5 zina sahani za kioo, zikipasuka zinatoa vigae, kwa hiyo miwani ya kinga ni lazima kwa anayezivunja.

Kabla ya kuchomoa kila diski, iwashe taa kwa `ledctl locate=/dev/sdX`, linganisha namba ya mfululizo ya `smartctl -i` na ile ya kwenye lebo. Ivute kidogo mpaka iachane na kiunganishi, isubiri nusu dakika isimame kuzunguka, ndipo uitoe. Kwenye daftari andika modeli, namba ya mfululizo, njia ya kufuta, matokeo ya uthibitisho, tarehe na jina la aliyefanya. Kontrola za mtambo nazo ziorodheshe: zina kumbukumbu yenye betri inayoweza kubaki na maandishi ambayo hayajashuka, na flashi yenye usanidi, nywila za CHAP na akaunti za wasimamizi. Zirudishe kwenye hali ya kiwandani na utoe betri kabla hazijaondoka chumbani.